Nani Aamuru Kozi ya Lazima? Dola, Mhadhiri na Matini katika Chuo Kikuu cha Umma

Utangulizi

Swali linaloongoza makala haya ni la kimaadili kabla ya kuwa la kisheria. Ni nani mwenye haki ya kuamua kile ambacho kila mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma hana budi kukisoma? Tunanuia kulichunguza kwa kutazama jimbo la Florida nchini Marekani, ambako bunge la jimbo limelijibu kwa maandishi, kwa lugha inayoweza kusomwa na kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote. Sheria mbili zitatushughulisha hasa: ile ya mwaka 2022 inayojulikana kwa nambari HB 7, na ile ya mwaka 2023 inayojulikana kwa nambari SB 266.

Huenda msomaji wa Nairobi, Eldoret au Maseno akauliza sisi tuna nini na Florida. Tunalo jambo, na ni zito. Idara za fasihi katika nchi hii zilizaliwa upya kutokana na mjadala kuhusu kozi ya lazima. Na Kiswahili chenyewe, ambacho wengi wetu tunakula kwacho, kilipata hadhira yake kubwa kwa amri ya dola. Hatuwezi basi kulishutumu bunge la mbali kwa kuingilia mtaala bila kwanza kujiuliza mikono yetu imeshika nini.

Msimamo tutakaoutetea ni huu: dola inayogharimia chuo kikuu ina haki ya kuagiza swali lisomwe, lakini haina haki ya kuagiza jibu. Tofauti hii si nyepesi kama inavyosikika, na sehemu kubwa ya makala itashughulikia ugumu wake.

Sheria kama Matini

Sheria ya HB 7 ilitiwa saini Aprili 22, 2022. Inataja dhana nane zinazohusu rangi, jinsia na asili ya mtu, na kumkataza mwalimu kuziunga mkono, kuzikuza, kuziendeleza, kuzipandikiza au kumlazimisha mwanafunzi aziamini. Papo hapo sheria inaruhusu dhana hizo zijadiliwe, mradi mjadala uwe wa haki na usiwe na uungaji mkono. Novemba 17, 2022, Jaji Mark Walker wa mahakama ya shirikisho ya Tallahassee alizuia utekelezaji wa sehemu inayogusa vyuo vikuu vya umma. Katika kujitetea mbele yake, upande wa jimbo ulitoa hoja ambayo mhakiki wa fasihi hawezi kuipita kimya: kwamba maneno ayasemayo mhadhiri darasani, katika chuo cha umma, ni maneno ya dola yenyewe. Tutairejea hoja hii.

Sheria ya SB 266 ilitiwa saini na Gavana Ron DeSantis Mei 15, 2023, katika chuo cha New College huko Sarasota. Hii haimwendei mhadhiri mmoja mmoja, inauendea mtaala. Kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika mfumo wa umma wa Florida anatakiwa kukamilisha saa 36 za elimu ya jumla, na baadhi ya saa hizo ni lazima zitoke katika orodha fupi ya kozi za kiini. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kozi za kiini haziruhusiwi kupotosha matukio makubwa ya kihistoria, wala kufundisha siasa za utambulisho, wala kujengwa juu ya nadharia zinazosema kwamba ubaguzi wa rangi wa kimfumo, ubaguzi wa kijinsia, ukandamizaji na upendeleo vimo katika asili ya taasisi za Marekani na viliumbwa ili kudumisha tofauti za kijamii, kisiasa na kiuchumi. Kozi za sanaa na utu, kwa upande wake, zinatakiwa ziwe na sehemu za maandiko makuu ya Kimagharibi. Yale ambayo hayajathibitishwa, au yaliyo ya kukisia na kutafiti, yanashauriwa yahamie katika kozi za hiari. Mnamo Januari 2024, bodi inayosimamia vyuo vikuu 12 vya jimbo iliiondoa kozi ya utangulizi wa sosholojia katika orodha ya kiini, na nafasi yake ikashikwa na kozi ya utangulizi wa historia ya Marekani.

Tukiisoma matini hii kwa jicho la kihakiki, jambo la kwanza linalojitokeza ni kitenzi "kupotosha". Hakuna mwanataaluma anayetetea upotoshaji. Katazo lake linapata kibali cha kila mtu. Lakini upotoshaji hudhihirika tu pale palipo na usimulizi ulio sahihi wa kuulinganisha nao, na sheria haisemi usimulizi huo unathibitishwa na nani. Mwanahistoria huuthibitisha mbele ya wenzake kwa ushahidi ambao wenzake wanaweza kuupinga. Bodi inayoteuliwa kwa sehemu kubwa na gavana huuthibitisha kwa kura.

La pili ni usemi kwamba taasisi "viliumbwa ili kudumisha" tofauti. Huu ni usemi wa nia, na nia ya waasisi wa taasisi fulani ni swali la kihistoria ambalo laweza kujibiwa ndiyo kwa taasisi moja na la kwa nyingine. Katiba ya Florida ya mwaka 1885, kwa mfano, iliagiza waziwazi kwamba watoto wa Kizungu na watoto Weusi wasifunzwe katika shule moja. Hapa nia haihitaji nadharia, imeandikwa. Mtetezi wa sheria atatujibu, na ni haki tumsikilize, kwamba hakuna anayemkataza mhadhiri kuitaja katiba hiyo. Kinachokatazwa ni kuijenga kozi nzima juu ya dai kwamba ubaguzi umo katika asili ya taasisi zote za nchi. Tukubali. Hata hivyo tazama mahali anapoachwa mhadhiri. Anaruhusiwa kuorodhesha mifano, mmoja baada ya mwingine, lakini afikapo kwenye swali ambalo mifano hiyo inalizaa, yaani je, kuna mfumo hapa au ni ajali tu, hajui kama bado yumo katika kutaja au ameshaingia katika kujenga. Kutojua huku ndiko kunakofanya kazi ya sheria. Mtu asiyejua mpaka wa shamba uko wapi halimi karibu na mpaka.

Sauti ya Mwalimu na Sauti ya Matini

Hebu tuipeleke sheria hii darasani. Zora Neale Hurston alikulia Eatonville, mji mdogo wa watu Weusi katika Florida hiyo hiyo, na riwaya yake ya mwaka 1937, Their Eyes Were Watching God, imesimikwa katika ardhi ya jimbo hilo. Sehemu ya mwisho inaongozwa na kimbunga cha Septemba 1928, kilicholifurisha ziwa Okeechobee na kuua watu wasiopungua 2,500, wengi wao vibarua Weusi wa mashambani. Baada ya gharika, mhusika Tea Cake anakamatwa na wanaume wenye bunduki na kulazimishwa kuzika maiti. Anaamriwa kuzichunguza kwanza, kwa maana majeneza ni ya Wazungu pekee. Na kwa kuwa maji yameziharibu sura kiasi cha kutotambulika, wachimba kaburi wanaambiwa watazame nywele. Historia haimkanushi Hurston. Huko West Palm Beach, watu Weusi wapatao 674 walizikwa katika kaburi la pamoja bila majeneza, ilhali Wazungu 69 walizikwa katika makaburi ya Woodlawn.

Mhadhiri anayeifundisha sura hii katika kozi ya lazima atafanya nini? Kejeli ya Hurston imo katika ukweli kwamba maiti hazina rangi tena, na amri ya kutenganisha bado inatekelezwa. Msomaji hawezi kuielewa kejeli hiyo bila kuelewa kwamba wanaotoa amri si watu wakatili kuliko wengine. Ni watumishi wa utaratibu. Kueleza hivyo ni kueleza maana ya matini. Je, ni kuunga mkono pia? Sheria ya 2022 inadhani kwamba mambo haya mawili yanaweza kukatwa kwa kisu: huku kueleza, kule kuunga mkono. Sisi tunaofanya kazi hii tunajua kwamba mwalimu anayesoma kejeli kwa sauti isiyoegemea popote ameiua kejeli, na anayeisoma kama kejeli ameshasikika kama mwenye msimamo.

Hatari ya kuchanganya sauti hizi haikuanza mwaka 2022. Kuanzia 1956 hadi 1965 bunge la Florida lilikuwa na kamati ya uchunguzi iliyojulikana kama Kamati ya Johns, ambayo ilifika hadi vyuo vikuu. Mwaka 1962, katika Chuo Kikuu cha South Florida, mhadhiri wa Kiingereza aitwaye Sheldon Grebstein alisimamishwa kazi, kabla ya kurudishwa baadaye, kwa sababu ya kuwapa wanafunzi insha ya mhakiki Norman Podhoretz kuhusu waandishi wa kundi la Beat. Lawama ilikuwa kwamba insha ina lugha chafu. Lugha hiyo ilikuwamo, kwa kuwa Podhoretz aliwanukuu waandishi hao. Na aliwanukuu ili awashutumu. Waliomlaumu Grebstein walikuwa, kwa hakika, upande mmoja na insha waliyoilaani. Hawakuweza kutofautisha anayenena na anayenukuliwa. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hupoteza alama kwa kosa hilo. Mhadhiri wa Tampa alisimamishwa kazi kwa kosa la wasomaji wake.

Hapa ndipo tunapoirejea hoja kwamba maneno ya mhadhiri ni maneno ya dola. Katika uhakiki tumejifunza kutomchanganya mwandishi na msimulizi, wala nafsineni ya shairi na mtunzi wake. Hoja ya Florida inaziunganisha sauti zote kuwa moja: mhusika anasema kwa kinywa cha mwandishi, mwandishi kwa kinywa cha mwalimu, mwalimu kwa kinywa cha serikali. Tukiikubali, itabidi tukubali pia kwamba dola hujipinga yenyewe kila siku, kwani katika ukumbi mmoja mhadhiri wa uchumi anafundisha kwamba soko hujirekebisha, na katika ukumbi wa jirani mwenzake anafundisha kwamba halijirekebishi. Chuo kikuu ni mahali ambapo dola imekubali kugharimia sauti zisizo zake. Ikitaka sauti yake isikike, inayo magazeti rasmi na majukwaa.

Isidhaniwe kwamba tunamtumia Hurston kama shahidi wa upande mmoja. Mwaka huo huo wa 1937 Richard Wright alimlaumu kwa riwaya isiyo na upinzani wa kutosha. Na mwaka 1955 Hurston mwenyewe aliandika barua katika gazeti la Orlando akiupinga uamuzi wa Mahakama Kuu wa kuunganisha shule za Weusi na Wazungu. Alikuwa mtu asiyeingia katika kikapu cha yeyote. Kwa sababu hiyo hasa anafaa katika kozi ya lazima. Anawatatiza walio tayari kumfuta na walio tayari kumfanya bango.

Hoja ya Mlipa Kodi

Ni wajibu wa insha ya kimaadili kuupa upande wa pili nguvu yake yote. Hoja za watetezi wa sheria hizi zinaweza kuelezwa kwa ufupi hivi. Chuo kikuu cha umma ni mali ya umma, na umma husema kupitia bunge ulilolichagua. Kozi ya lazima ni shurutisho: mwanafunzi hana njia ya kuikwepa, na anayeisahihisha mitihani yake ndiye anayeamua hatima yake. Mhadhiri hakuchaguliwa na yeyote. Iwapo anatumia nafasi hiyo kuwatwisha vijana itikadi yake, ni nani wa kumzuia isipokuwa wale waliochaguliwa?

Hoja hii haitupiliwi mbali kwa kupaza sauti kuhusu uhuru wa kitaaluma. Sehemu yake moja ni kweli tupu. Shurutisho la kozi ya lazima ni mamlaka, na mamlaka ya mhadhiri yanaweza kutumiwa vibaya kama mamlaka mengine. Tumewaona wenzetu, nasi tumejiona, tukitoa alama za juu kwa karatasi inayorudia maoni yetu na kuipunguzia ile inayotupinga kwa ufasaha. Sheria ya Florida isingepata wasikilizaji kama lalama hii isingekuwa na mizizi.

Lakini tutazame dawa inayopendekezwa. Mgonjwa analalamika kwamba mtu mmoja anamwamulia la kuamini. Daktari anampa mtu mwingine, mwenye nguvu zaidi, amwamulie la kutoamini. Mwanafunzi hajaongezewa nafasi hata chembe. Kama tatizo ni shurutisho la mhadhiri, dawa ni kumpa mwanafunzi haki ya kukata rufaa dhidi ya alama, mtahini wa nje, na silabasi inayoweka fikra zinazopingana mezani. Dawa hizi zinajulikana, na hakuna hata moja inayohitaji bunge litaje nadharia kwa jina.

Tena kuna suala la urekebishaji. Mwaka 1925 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria iliyokataza kufundisha, katika vyuo vikuu na shule zote za umma, kwamba binadamu ametokana na wanyama wa daraja la chini. Mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 mwaka huo huo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1967, baada ya miaka 42. Idara ya biolojia iliyokosea hujirekebisha pindi ushahidi unapobadilika, kwa sababu kukosea kwake ni aibu ya kitaaluma. Bunge lililokosea halina aibu ya namna hiyo. Ili lijirekebishe, lazima kwanza siasa ibadilike.

Kuhusu umma kusema kupitia bunge, umma husema mengi kwa nyakati mbalimbali. Januari 1923 mji wa Rosewood, uliokuwa makao ya watu Weusi katika Florida, uliteketezwa na makundi ya Wazungu. Mwaka 1994 bunge la Florida lenyewe lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia manusura na wazao wao, kwa msingi kwamba maafisa wa serikali walishindwa kuwalinda. Basi tuseme mhadhiri ameiweka sheria hiyo ya 1994 katika kozi ya kiini na kuwauliza wanafunzi: kushindwa huko kulikuwa bahati mbaya ya wiki moja, au kulikuwa namna taasisi zilivyofanya kazi? Anauliza swali ambalo bunge la 1994 lililifungua. Ikiwa bunge la 2023 linamtia hofu ya kulifuatia hadi mwisho, ni bunge lipi linalosema kwa niaba ya umma? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Florida ilishayafichua maradhi kwa mkono wake yenyewe. Kinachobaki ni ruhusa ya kuyasoma.

Nyani na Kundule

Tugeukie kwetu. Oktoba 24, 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Walikuwa wakiyajibu mapendekezo yaliyowasilishwa na kaimu mkuu wa idara mbele ya Kitivo cha Sanaa. Hawakutaka fasihi ya Ulaya ipigwe marufuku. Walitaka Afrika iwe kitovu na fasihi nyingine zitazamwe kutokea hapo, na fasihi simulizi iingie katika silabasi kwa heshima yake. Kwa lugha ya mjadala wetu, walibadilisha kozi ya lazima. Mpinzani anaweza kutuuliza: kwa nini mnawasifu hawa watatu na kuwalaumu wabunge wa Florida, ilhali pande zote mbili zimefanya kitu kimoja, kuondoa kitovu na kuweka kingine?

Jibu halimo katika ubora wa kitovu kipya, ingawa tunaupenda. Limo katika namna. Waraka wa 1968 ulikuwa hoja. Uliwekwa mezani mbele ya watu wenye ujuzi wa kuujibu na nafasi ya kuupinga. Na uliendelea kupingwa kwa miaka mingi, kiasi kwamba idara iliyotokana nao haikuacha kubishana na nafsi yake. Watatu hao hawakuwa na polisi wala bajeti. Walikuwa na sababu. Uamuzi uliopatikana kwa sababu unaweza kutenguliwa kwa sababu iliyo bora.

Hata hivyo tusijipake mafuta. Dola ya Kenya haikuhitaji sheria ya mtaala. Ilimwendea mwalimu mwenyewe. Ngũgĩ aliwekwa kizuizini Desemba 31, 1977, na alipotoka mwaka 1978 hakurudishiwa kazi yake ya chuo kikuu. Alamin Mazrui, ambaye tamthilia yake Kilio cha Haki ilichapishwa mwaka 1981, alikamatwa mwaka 1982. Mashairi yaliyotokana na kizuizi hicho ndiyo tunayoyafundisha leo katika Chembe cha Moyo. Azimio la Kampala la Novemba 1990 kuhusu uhuru wa wasomi na wajibu wao kwa jamii liliandikwa na watu waliojua walichokisema. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinautambua uhuru wa kitaaluma kwa jina, nasi tunaopumua chini yake tunapaswa kukumbuka umri wake ni mdogo.

La kutatiza zaidi ni Kiswahili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, dola ilikifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Hakuna aliyepiga kura katika idara yoyote. Amri hiyo ilizaa walimu, vitabu teule, idara zilizopanuka, na kwa hakika ilizaa nafasi yangu. Je, tunaruhusiwa kuisifu amri inayotufaa na kuilaani isiyotufaa?

Tunaamini zipo tofauti, na tunazitoa tukijua kwamba tuna maslahi. Amri ya 1985 iliagiza lugha isomwe. Haikuagiza mwanafunzi aamini nini kuhusu lugha hiyo. Mwanafunzi angeweza kuandika insha ya Kiswahili akidai kwamba Kiswahili kisiwe cha lazima, na kama sarufi yake ilikuwa sawa alistahili kupita. Vivyo hivyo, Florida ikiagiza kwamba kila mwanafunzi asome katiba ya nchi yake, au kwamba maandiko makuu ya Kimagharibi yawemo katika kozi za kiini, hatuna ugomvi mkubwa nayo, inaagiza swali. Inapotaja nadharia na kusema kozi isijengwe juu yake, imeagiza jibu kwa njia ya kukataza jibu moja. Na tukiri kwamba mpaka huu una ukungu, maana orodha ya vitabu inaweza kutungwa kwa namna ambayo swali lenyewe linapotea. Walioandika waraka wa 1968 walilijua hilo. Ndiyo sababu hawakuridhika na kuongezewa kozi moja ya Kiafrika pembeni.

Kuhamisha na Kufuta

Hapo pembeni ndipo penye hoja ya mwisho ya Florida, na ndiyo inayotugusa zaidi. Sosholojia haikupigwa marufuku, tunaambiwa, imehamishwa tu. Anayeipenda na aichukue kwa hiari yake. Uhuru wa nani umepunguzwa?

Nitalijibu kwa kisa changu mwenyewe, ambacho hakinipi sifa. Nilipokuwa mhadhiri mchanga, katika chuo nisichokitaja, nilifundisha kozi ya utangulizi ambayo kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili alilazimika kuichukua. Ilikuwa na tamthilia moja kuhusu unyakuzi wa ardhi. Siku moja ilipigwa simu ofisini. Hakukuwa na barua, wala kikao, wala jina. Mkubwa wangu, mtu mpole aliyenitakia mema, aliniita akanishauri tamthilia ile iwekwe katika kozi ya hiari ya mwaka wa nne, "ambako wanafunzi wamekomaa". Nilitia saini. Nilijiambia kwamba sijaifuta, nimeihamisha.

Kozi ya lazima ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 300. Ile ya hiari ilipata 11, na mwaka uliofuata haikutolewa kwa sababu ya uchache wa wanafunzi. Miaka baadaye nilikutana na mmoja wa waliopita katika darasa langu, naye sasa ni mwalimu wa shule ya upili. Tulipokuwa tukizungumza nilitaja tamthilia ile. Akanitazama kwa adabu akasema, "Mwalimu, hiyo wewe hukutusomesha." Hakusema hatukuisoma. Alisema wewe hukutusomesha, na alikuwa na haki.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kazi ya kimaadili ya kozi ya lazima, ambayo watetezi wa hiari huisahau. Mwanafunzi hawezi kuchagua kitu ambacho hajui kwamba kipo. Kozi ya hiari humpata aliyekwisha kushawishika. Kozi ya lazima humkutanisha kijana na jambo ambalo nyumbani kwao halikutajwa, kisha humwacha alikubali au alikatae. Kwa maana hiyo shurutisho la kusoma linaweza kupanua uhuru wa kufikiri. Na kwa sababu hiyo hiyo, anayeamua orodha ya lazima ameshika kitu kizito, awe bunge, bodi, mkuu wa idara, au mhadhiri mchanga mwenye kalamu mkononi.

Hitimisho

Makala haya yameuliza ni nani aamuru kozi ya lazima, na yameonyesha kwamba kuuliza "nani" peke yake hakutoshi. Bunge laweza kuagiza kwa haki, kama lilivyoweza kuagiza lugha isomwe. Idara nayo yaweza kudhulumu, kama mhadhiri anayesahihisha itikadi badala ya hoja. Kinachotenganisha haki na dhuluma ni kama uamuzi umetolewa kwa sababu zinazotajwa, mbele ya watu wanaoweza kuzijibu, na kama mwanafunzi ameachwa huru kufikia hitimisho ambalo aliyeamuru hakulipenda. Sheria ya Florida ya 2023 inashindwa katika sharti hili la mwisho, kwa kuwa inalitaja hitimisho na kulifungia mlango.

Lakini sheria ina jambo moja la uaminifu ambalo simu ya ofisini haina: imeandikwa. Ina tarehe, ina saini, inaweza kupelekwa mahakamani, na mhakiki aliye Kenya anaweza kuisoma na kuipinga. Uamuzi wangu wa kuhamisha tamthilia haukuandikwa popote isipokuwa katika orodha mpya ya vitabu, ambayo haikueleza chochote. Wanataaluma wanaotaka kuzihakiki sheria za wengine wangefaa kuanza na orodha hizo. Nimerudisha tamthilia ile katika silabasi ninayoisimamia sasa, na safari hii nimeandika kwa aya moja sababu ya kuiweka, ili atakayetaka iondoke aandike yake.